Nani Atakusindikiza

Limelala ubavu, alisema Daktari Lugata
akiinua picha ya taya langu dirishani,
na nyuma ya picha nikaona mawe ya Isamilo
yamekaa vilevile, moja juu ya jingine,
hakuna aliyeyapanga, hakuna wa kuyapangua.
Gego la mwisho, kushoto, chini.
Watu huliita jino la akili.
Akili yangu, kumbe, ilikuja na miaka thelathini na minne
ikakuta mlango umefungwa.

Njia ni mbili, alisema.
Ganzi: sindano kwenye ufizi,
shavu linakufa, wewe unabaki.
Utasikia msukumo, utasikia mlio,
maumivu hutayasikia.
Au nusu kaputi, ya mshipani:
unaelea, ukizinduka kazi imekwisha
na hukumbuki nani alikuita jina.

Nusu, nikawaza. Nusu ipi?
Ile inayouza dagaa Mwaloni
na kujua uzito wa gunia kwa kuligusa tu,
au ile ambayo tangu matanga ya baba
hailali hata ikibembelezwa?

Bei niliuliza kwanza, mimi ni mfanyabiashara.
Tofauti yake magunia mawili,
na mwezi ulikuwa mpevu,
mitumbwi imefungwa, taa zimezimwa,
dagaa hawaji penye mwanga wa bure.
Lakini si bei iliyonishinda.
Nesi Vumilia alileta karatasi:
Umekula saa ngapi. Una pumu. Una presha.
Na chini kabisa, penye nukta nukta,
Nani atakusindikiza nyumbani.

Kalamu ikasimama.
Majirani wa Kirumba ninao, wa kuazimana chumvi.
Wa kunishika kiwiko, mate yakinichuruzika,
nikibwabwaja yaliyomo moyoni bila kujua,
ni mmoja, naye yuko Sengerema,
kivuko kimoja tu kutoka Kamanga,
na katikati yetu kuna kiwanja cha baba
kipana kuliko ghuba yenyewe.
Kiwanja! Mawe matupu ya Mabatini.
Miaka minne hatusemezani kwa ajili ya mawe.

Nikaandika: ganzi.
Nikamwambia nesi naogopa kulala.
Nilichoogopa ni nukta zile.

Shavu lilikufa kwa zamu,
mdomo, kidevu, nusu ya ulimi.
Daktari hakulitoa zima. Alilipasua.
Na mlio ule niliujua.
Baba alipasua miamba kwa moto wa matairi,
kisha maji, kisha nyundo,
nasi wawili juu ya rundo la kokoto,
Nyanzala akiziba masikio yangu,
mimi nikiziba ya kwake.
Sijui kwa nini hatukuziba kila mtu yake.

Pale kitini mwamba ulipasuka mara tatu
ndani ya kichwa changu,
na masikio yalikuwa wazi.
Hapakuuma. Ndiyo shida ya ganzi:
hapaumi, nawe upo, unahesabu.

Nilitoka saa sita na nusu, peke yangu,
pamba mdomoni, vipande vya jino
katika bahasha ya vidonge.
Miguu ilikataa njia ya Kirumba.
Langoni pa Kamanga, malori yakipakiwa,
korongo wenye vipara wakigombea utumbo wa sangara,
nikapiga.

Holo? Holo, ni wewe?

Nilitaka kusema ni nani aliyekosa.
Nilikuwa na hoja, na tarehe, na mashahidi.
Mdomo ukatoa mmh, na mate, na damu kidogo,
na kwa mara ya kwanza maishani
sikumkatiza.

Kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa kwake,
kuku akifukuzwa.
Ni lile jino?
Mmh.
Umeenda na nani?
...
Wewe mtu bado huna akili, alisema,
na sauti ikamkwama mahali.
Panda hicho cha saa saba. Nakuja gatini.

Tulipofika katikati ya maji
ganzi ilianza kuachia,
kidevu kwanza.