Hodi ya Nne

Kidonge ni cheupe, hakifiki kichwa cha msumari wa mzinga.
Nakimeza saa moja asubuhi, kabla ya kahawa,
Zalka akinitazama kana kwamba nitaota mbawa.

Daktari Hribar, kule Jesenice, si mtu wa maneno.
Aligeuza karatasi ya miadi, akachora mlango.
"Homoni yako ya kiume ni mgeni," alisema.
"Hupiga hodi kwenye seli za tezi dume,
seli huitika karibu, na uvimbe hula.
Kidonge hakimwui mgeni.
Kinakaa kizingitini tu, mabega yameziba mlango,
na hakiitikii."

Mstaarabu, nilimwambia, hupiga hodi tatu
kisha huenda zake.
Akavua miwani.
"Huyu hupiga ya nne."

Kumbe chini ya ubongo kuna tezi, punje ya njegere,
kazi yake kusikiliza. Mlango haiuoni.
Inasikia kimya, na kimya kwake ni njaa,
basi huteremsha amri kwa korodani: ongezeni!
Na wazee wangu wawili, waliokwisha kustaafu pamoja nami
tangu kiwanda cha minyororo kilipofungwa,
wanakurupuka, wanawasha tanuri,
wanaoka testosteroni kuliko ile ya mwaka jana.
Damu imejaa wageni wasio na pa kulala.

Na asiye na pa kulala hubadili nguo.
Ndani ya mafuta ya tumbo hili,
tumbo nililolijenga kwa keki za jozi za Zalka,
yupo fundi cherehani asiyelala:
anakata hapa, anapindia pale,
aliyeingia testosteroni anatoka estrojeni,
anakwenda kupiga hodi kifuani.
Huko hakuna aliyeziba mlango.
Huko wameitika upesi.

Mwezi wa saba shati lilianza kuniuma.
Nilivaa ovaroli ya nyuki hata mezani,
nikasema nasikia baridi. Julai!
Zalka aliendelea kumenya viazi.

Usiku ule joto lilinipanda kutoka kitovuni,
shingo, masikio, hadi mizizi ya nywele nisizonazo.
Nikaketi, nimelowa kama mtoto.
Alifungua dirisha, hakuwasha taa.
Akavuta droo ya chini, akanipa kipepeo cha karatasi,
kimechorwa korongo, ubavu mmoja umevunjika.
Nilikifahamu.

Ni cha mwaka aliotimiza hamsini na moja,
alipokuwa akiamka saa tisa, analia bila sababu,
naye mumewe alibeba mto wake
akahamia chumba cha uani,
akisema kesho ana zamu ya mapema.
Hakuwa na zamu.

Nilingoja aseme. Miaka kumi na tisa alikuwa na haki ya kusema.
Alilala, akageuza mto upande wa baridi,
akausukuma kwangu.

Kipimo cha damu kimeshuka: arobaini na moja, sasa mbili na nukta.
Hribar anasema vizuri. Nami nasema vizuri.
Hata hivyo kuna kitu kimeondoka bila kuaga,
sikijui jina, nakikumbuka kama mtu anavyokumbuka
kwamba zamani alipenda muziki wa dansi.

Leo, Septemba, nyuki vibarua wamewatoa madume.
Wanawaburura kwa bawa hadi ubao wa kutulia,
wanawaachia majani yenye umande.
Kila mwaka niliona jambo hili, nikapita.
Leo nimemwokota mmoja. Macho makubwa, hana mwiba.
Akatambaa kiganjani, akavuka mstari wa uhai,
akasimama juu ya mshipa,
pale daktari anapohesabu mapigo,
kama anayesikiliza kama kuna mtu ndani.

Zalka ameita, supu inapoa.
Nimesema nakuja.
Sijaja bado.