Kigogo cha Mwaloni

Nyanzobe alikileta kichwani, kimefungwa kwa kanga kuukuu,
akakitua juu ya meza yangu, meza ikaguna.
"Fundi Lushinge, miaka kumi na tisa nakatia sangara hapa.
Kabla hujakipasua niambie kwanza
nimekuwa nikikatia samaki mgongoni mwa nani."

Nilikinusa: samaki.
Nikakigeuza, nikanusa ubavu:
samaki, chumvi, na moshi wa Kirumba.
Uso mweusi, umebonyea katikati kama kiti cha baiskeli,
makovu ya panga yamepishana juu yake
hata hakuna kovu lenye mwanzo.

Nikakipima kwa mikono. Uzito wa mtoto aliyelala;
na aliyelala, mnajua, humzidi aliye macho.
Nikakitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua.
Hakikusita hata kidogo, kikazama.
Basi mvule si wewe, nikasema,
mvule huelea, ndiyo mitumbwi yote hii ya ziwani.

Bwire, mtu wa Ukerewe, akapita na kijiti mdomoni,
akabisha kwa ukucha, "Mkongo," wala hakusimama.
Bujiku wa mlango wa pili akasema mpingo,
kwa kuwa kila kizito kwake ni mpingo.
Dereva wa lori la mbao alikilamba,
alikilamba kweli, akatema:
"Hiki kimetoka Kongo."
Kana kwamba Kongo ni jina la mti.

Nikatia randa.
Randa ikaruka, ikalia, ikaniachia unga badala ya maranda.
Nyuzi zinakwenda huku, kisha zinageuka,
kama mke na mume wanaosimulia safari moja.
Nikanoa, nikarudi, nikanoa.
Mara ya nne, kwa mshazari, ukatoka utepe mmoja mrefu,
na chini ya weusi wa miaka kumi na tisa
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Upo mtihani wa mninga, nilifundishwa nikiwa mwanagenzi:
loweka maranda kwenye glasi, uiweke juani,
mninga utatoa buluu, kama moshi uliozama.
Niliiweka dirishani. Garimoshi la mizigo likapita
kwenda bandarini, Igogo nzima ikatetema, na glasi.
Saa nzima.
Maji yakabaki maji.

Harufu yake ilikuja baadaye,
msumeno ulipopata joto: ghafla, nyuma ya samaki,
pilipili manga. Nikapiga chafya mara sita.
Nikapekua kichwa kizima kutafuta mti wa pilipili manga.
Sina.

Nilimwambia hivyo. "Sikijui, mama. Najua visivyo.
Si mvule, si mninga, si mpingo wa Bujiku.
Msumari hakiutaki, mpaka ukitoboe kwanza.
Kikilowa karibu na chuma hutoa wino."

Akachukua kipande, akakilaza shavuni
kama apimaye homa.
"Hata marehemu ndivyo ninavyomjua," akasema. "Visivyo.
Hakuwa mlevi. Hakuwa mwoga wa maji.
Alikuja nacho wiki tuliyooana, hakusema kakitoa wapi,
nami sikuuliza. Nilidhani muda upo."

Mipini minne ya visu, ndiyo kazi aliyoitaka:
mmoja wake, mitatu ya mabinti.
Wa tano ulinipasukia kwenye fundo;
niliulaumu msumeno, kumbe mimi.
Mafuta ya alizeti, kitambaa, siku tatu.
Ukiushika, unapata joto la kiganja upesi
kuliko mti wowote niliowahi kushika.

Kwenye daftari, mahali pa aina ya mbao,
niliandika *sangara*, nikafuta,
nikapaacha wazi.
Paka wa Bujiku bado analala juu ya unga wake.