Siku ya Kumi na Tano

Onja bure, siku kumi na nne:
ndivyo kasuku alivyoniahidi kwenye kishikwambi,
na mimi, Tsiala, mchoma mikate wa Kutaisi,
nikakubali kwa kidole chenye unga.

Kijojia chetu hakikuwamo.
Basi nikajifungia stoo, kati ya magunia,
nikanong'ona neno moja moja kwenye tundu dogo la sauti:
maji. choo. hapana. taa. soksi. inauma.
Themanini na mbili, mpaka koo likakauka.

Siku ya kwanza Vazha hakugusa kitu.
Ya pili alilamba kioo.
Ya tatu, alfajiri, mguu wangu mmoja ukiwa kiatuni,
nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kitandani kwake:
*taa. inauma.*

Miaka tisa nimekuwa nikimwashia taa ile
nikidhani analilia mwanga.

Nilivua kiatu. Nikaketi sakafuni, gizani, naye.

Kisha yakafuata, bila mpangilio, kama mvua ya bati:
soksi hapana. (Mshono. Ulikuwa ni mshono tu!)
Bibi, kitunguu, hapana.
Na *tena*. Hilo alilipenda kupita yote,
alilibonyeza kama mtu anayebisha hodi nyumba tupu
na safari hii akaitikiwa.

Siku ya kumi na tano vitufe viliamka kijivu,
kila kimoja na kufuli lake.
Lari mia tisa na tisini.
Mimi napata mia nane, mwezi ukiwa mzima,
na baba yake hutuma cha Poland mgongo ukimruhusu.

Niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu nyingi:
punguzo lipo, ila ni la taasisi.
Je, wewe ni taasisi?

Nikajitazama kwenye mlango wa friji.
Nafua, napika, nalinda mlango asitoroke usiku,
nabishana na walimu, nakata kucha akiwa amelala.
Nikaandika: Ndiyo.
Wakaomba muhuri.

Sikuwaomba kasuku wao, jamani.
Mbaki naye, na rangi zake, na vijinyota vyake.
Nilitaka yale themanini na mawili ya stoo,
yaliyotoka kooni mwangu bila risiti.
Nani aliwauzia, hata mniuzie?

Vazha alibonyeza kufuli. Nilihesabu: mara arobaini na moja.
Akachukua mkono wangu, akakibandika kidole changu palepale,
akiamini cha mtu mzima kina nguvu zaidi.
Kufuli halikujua tofauti.

Basi akanigeukia.
Akanitazama mdomo, si macho, macho hatazamagi,
akanibonyeza mdomo wa chini. Pole. Mara moja.

Maji, nikasema.
Akabonyeza.
Choo. Akabonyeza. Soksi. Taa. Inauma? Wapi?
Akabonyeza kwa nguvu, jino likanikata,
nikayamaliza yote niyajuayo, nikabahatisha:
tena.

Akatulia. Kidole kikabaki hapo,
kinangoja niseme kilekile.

Sikujua ni nini alichotaka kirudiwe.
Mpaka leo sijui.

Zamu yangu huanza saa kumi na moja.
Bibi atakaa naye hadi jioni.
Mdomo naondoka nao.