Tungeni Sentensi

Niliandika neno ubaoni: uchungu.
Nikalipigia mstari, nikasema tungeni sentensi,
kila mtu yake, asinakili mtu.
Kidato cha tatu, Bwera,
mvua ikishuka kutoka Rwenzori kama mtu aliyetumwa,
mabati yakaipokea, sauti yangu ikazama.

Usiku nimekaa na taa ya sola
na madaftari arobaini na moja. Chai imepoa.

Muhindo ameandika:
*Kahawa ya babu ina uchungu kwa sababu hana sukari.*
Vema. Nimemwongezea nusu alama kwa hiyo "kwa sababu".

Kabugho: *Mama alishikwa na uchungu saa nane usiku,
bodaboda akataka hela kwanza.*
Sahihi, nimeandika, sahihi kabisa,
kisha nikaitazama ile koma
jinsi ilivyobeba njia yote ya kwenda hospitali.
Kabugho hana mdogo wake. Nimekumbuka hilo baadaye.

Thembo, mtoto wa diwani:
*Mheshimiwa ana uchungu na wananchi, hasa wakati wa kura.*
Nimecheka peke yangu, mjusi ukutani akatimka.

Na Ithungu, ambaye jina lake na neno langu
wanafanana kama watoto wa mama tofauti:
*Uchungu wa bibi ulivunjika mto ulipofurika.*

Kosa. Alitaka chungu.
Chungu kimoja, vyungu viwili, ngeli ya ki-vi,
nilifundisha muhula uliopita, nikachora mpaka mfuniko.
Kalamu nyekundu imeinuka yenyewe.
Lakini Lhubiriha ilifurika kweli,
na bibi yake namjua, yule wa nyuma ya ghala la kahawa,
aliyeokota magodoro mawili na mtoto mmoja.
Tangu mwezi wa tano haitikii salamu.
Nimeliweka daftari kando,
bila vema, bila kosa.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa Bombo, kwa Wanubi,
ambako Kiswahili kilinyolewa kipara,
kikavishwa buti, kikafundishwa kufoka.
Baba, koplo Abdulbari, alikwenda nacho kazini hivyo.
Nyumbani alikitumia kubembelezea mbuzi.

Asubuhi neno lilikuwa bado ubaoni,
zamu ya kufuta ilikuwa ya Thembo.
Akaingia mzee Bwambale, mwenye ile kahawa,
akakataa kiti,
akanipa Kiswahili chake chote kwa mkupuo:
*Lala chini. Toa saa. Wewe nani.*
Kisha akahamia Lukonzo, Muhindo akitafsiri
huku macho yake yakiwa kwenye viatu:
Mwalimu, hayo ndiyo niliyogawiwa,
kwenye kizuizi cha barabara, tumbo langu likiwa juu ya lami.
Huyu mjukuu wangu unampa yapi?

Nikamwonyesha ubao.
Nikaanzia kwenye kahawa, akatikisa kichwa, hiyo anaijua.
Nikaja kwa mama anayejifungua, kwa mwana na mzazi,
kwa mtu na nchi yake. Nikakwama.
Nikasema: ni kile ambacho huwezi kukitema
wala huwezi kukimeza.

Akalitamka polepole, mara mbili,
kama anayepapasa jino bovu kwa ncha ya ulimi.
Akasema kitu. Muhindo akanyamaza.
Akakirudia, safari hii akimtazama mtoto,
na mtoto akakitoa:

Kumbe mlikuwa nalo?
Siku zile zote mlikuwa nalo hili,
na hamkututolea hata mara moja?

Sikuwa na sentensi.
Mzee akaokota kipande cha chaki sakafuni,
akakitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Saa nne nikarudisha madaftari.
Ithungu akalifungua lake, akaligeuza,
akatafuta mpaka jalada la nyuma.
Mwalimu, yangu hukuisahihisha?

Nikamwambia bado naisoma.