Goti la Kushoto

Dakika ya sitini na moja, uwanja wa Ystalyfera,
matope hadi kwenye soksi, tunaongoza kwa pointi mbili.
Nikageuka. Goti halikugeuka nami.
Mlio kama mpini wa mwavuli ukivunjika,
na Hefin, aliyeniangusha,
ndiye aliyepiga yowe kwanza.

Hiyo Oktoba.
Novemba daktari wa mtaa akalibonyeza: "Ukano, nadhani."
Nadhani ile imo foleni hadi leo.

Subira yavuta heri, wanasema.
Goti langu limevuta maji tu.

Machi, barua: kupigwa picha, tarehe tisa, Swansea.
Tarehe nane, barua: mashine mbovu,
tunaomba radhi kwa usumbufu wowote.
Wowote! Kana kwamba wameutafuta wakaukosa.

Nami ni tarishi. Barua hizo
hupita mezani petu, kituoni;
Glenys, aliyerithi vilima vyangu,
huniletea mlangoni, macho yake kwenye zulia.

Simlaumu dada wa simu.
Sauti yake inachechemea kuliko mimi.
"Uko kwenye orodha," anasema,
kwa upole wa mtu ambaye naye
yumo kwenye orodha fulani.

Mgonjwa, mngojwa: herufi zilezile,
zimebadilishana viti tu.
Wa kwanza mimi. Wa pili
mtaalamu nisiyemjua hata jina.

Jumamosi. Filimbi inasikika kutoka uwanjani.
Pakiti ya njegere za barafu imeyeyuka gotini;
mwanangu anaichukua, anaitia tena frizani,
anafunga mlango kwa mikono miwili.
"Ngoja kidogo, baba," anasema.