Dakika Tano

Moncton, Julai. Ghislaine kazima swichi kuu,
kahesabu dakika tano kwa saa ya jikoni.
Chujio kaliosha; limetema maji ya kijivu
na nywele za paka aliyekufa Aprili.
Nje, mapezi ya mashine yamevaa sufi ya mipopla.
Anayapangusa kwa mswaki wa Réjean,
mswaki usio na kazi nyingine sasa.

Awasha. Mashine yakohoa, yanguruma,
yapuliza joto lile lile.

Ndipo anavaa miwani, anatazama rimoti:
kijua kidogo kimechorwa pembeni.
Réjean alikiweka Februari,
mikono ikimtetemeka kwa baridi
isiyokuwa ya hewa.

Kidole chasita juu ya kitufe.
Kisha, chembe ya theluji.

Pazia latikisika.