Sifuri ya Mwisho

Mashine imemkataa Mihayo Kapela.
Ndoo yake, kwenye mizani ya ghala hapa Cheyo,
ilisoma kilo 12.50.
Daftari la kijijini, kwa kalamu ya bluu,
lilisema 12.5.
Programu yangu ikazitazama, ikajibu: si sawa.
Malipo yakasimama.

Amekuja na basi la alfajiri kutoka Sikonge,
suruali ina nta magotini,
kofia bado inanuka moshi wa mizinga.
Hagombi. Anauliza tu:
"Kwa hiyo sifuri ndiyo imelamba asali yangu?"

Nimekosa jibu. Naifungua kazi yangu mbele yake,
mstari kwa mstari, kama anayekaguliwa mfukoni.

Ni mimi niliyezikataa namba za kawaida,
zile zinazokatika mkia:
moja ya kumi ukiiongezea mbili za kumi
zinakupa tatu za kumi na kivumbi
kule mbali, ambako hakuna anayefagia.
Nilisema, hizi ni gramu za watu.
Nikachukua namba zisizochoka kubeba,
uzipe tarakimu mia, uzipe elfu,
hazidondoshi kitu njiani.

Sikuwaza kwamba hata sifuri hazidondoshi.

12.50 inakumbuka:
nilipimwa mpaka hapa; palitazamwa, palikuwa patupu.
12.5 inasema:
baada ya tano, sijui. Hakuna aliyechungulia.

Asali ni ileile. Mashahidi ndio wawili.

Nami nilikuwa nimeuliza vibaya.
Niliuliza, "wewe ndiye yule?"
nilipotakiwa kuuliza, "nani kamzidi mwenzie?"
Nafuta neno moja. Naandika jingine.
Mashine inaanza upya kutoka kushoto,
moja kwa moja, mbili kwa mbili,
nukta chini ya nukta, tano kwa tano,
sifuri
kwa pengo.
Inarudisha jibu lake: 0.
Yaani hakuna aliyezidi.

Mihayo anahesabu noti, anazirudia,
anatia sahihi ndefu inayotoka nje ya kisanduku.
Mlangoni anageuka.
"Ile sifuri yangu umeifuta?"
Bado ipo, namwambia. Nikitaka, naiondoa.

"Iache," anasema. "Mtu aliinama akaipima."